Makayabu Mezani

Kamembe, 10 Juni 2024

Dada Nzigire,

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu siipokei tena. Unajua ni kwa nini. Simu ndiyo iliyonipa habari ya kaka yako, kwa sauti ya mtu nisiyemjua, aliyesimama kwenye barabara ya Bugarama huku magari yakipita nyuma yake. Tangu hapo ikilia naigeuza kifudifudi mezani. Mchuuzi wetu Osée anavuka daraja la mpakani karibu kila siku na vikapu vyake vya samaki, basi barua zetu zitavuka naye.

Nimerudi kazini. Wakala wetu wa forodha uko vilevile, malori ni yaleyale, ninaandika uzito wa saruji na unga kama zamani na sikosei. Watu wananipa pole, nawajibu asante. Usiku nalala. Kulia bado sijalia, hata makaburini uliniona. Sijui kama ni dhambi.

Kuna kitu sikukuambia. Yale mafua yaliyonishika wiki ya matanga yaliondoka na pua yangu. Sisikii harufu yoyote. Juzi niliunguza maharage mpaka jirani akaja kugonga mlango, na mimi nimeketi hapo hapo karibu na jiko. Daktari anasema inaweza kurudi baada ya miezi, na inaweza isirudi. Nikamwambia sawa.

Ninachokiogopa ni shati. Siku ile tulipogawa nguo za marehemu ulinikubalia nibaki na shati moja la Protais, lile la buluu la karakana, bila kufuliwa. Nililitia kwenye mfuko wa nailoni, nikaufunga, nikautia kwenye mfuko mwingine. Humo ndani kuna jasho lake na vumbi la mbao. Sijalifungua hata mara moja. Kila ukifungua, harufu inapungua, na mimi sina pua ya kuipokea, itatoka bure. Pua ikirudi nitalifungua. Sina kingine ninachongoja.

Nitumie makayabu, Dada, wale samaki wa chumvi unaouza sokoni. Yale makali, yanayojulisha mtaa mzima kwamba kwako kumepikwa. Chakula changu siku hizi ni kama kutafuna karatasi.

Mchana tunakula ofisini, kwenye chumba cha nyuma chenye meza moja ndefu. Sisi tuliokulia Bukavu tunakula huku tunasimuliana. Hapa kila mtu anakula kimya, haangalii sahani ya mwenzake, na hasemi neno juu ya chakula cha mtu, liwe zuri au baya. Zamani iliniudhi. Sasa inanifaa.

Wifi yako,
Dative


Bukavu, 13 Juni 2024

Mdogo wangu Dative,

Makayabu uliyoomba haya hapa. Nimeyachagua mwenyewe, ya chini kabisa kwenye gunia, yale ambayo hata paka wa soko la Kadutu wanayapita kwa heshima. Loweka usiku kucha, mwaga maji, loweka tena, kisha nyanya nyingi na kitunguu. Usipoloweka utakunywa ziwa lote.

Ningekuja mwenyewe kukupikia lakini mguu wangu bado umo kwenye plasta, nakaa juu ya kiti nyuma ya meza yangu kama bibi wa kifalme na wateja wananipigia goti bila kutaka. Daktari anasema plasta itakaa mpaka mwezi wa tisa. Ngazi za Kadutu zimenimaliza.

Shati usilifungue, umefanya vizuri. Ni kaka yangu pia huyo aliyemo. Mimi koti lake la kahawia nalivaa sokoni kila asubuhi kwa sababu ya baridi. Mikono ni mirefu, naikunja. Wenzangu wananiita Papa Protais, nacheka nao, na nikifika nyumbani sicheki.

Kuhusu kulia, usijihesabie dhambi. Mimi nililia kwa ajili yetu sote wawili, majirani watakwambia.

Pokea simu siku moja.

Nzigire


Kamembe, 8 Julai 2024

Dada Nzigire,

Makayabu yamefika, na ya mara ya pili pia. Napika jioni, kesho yake nabeba kwenye bakuli la mfuniko, napasha moto kwenye ile mashine ya umeme ya ofisini, nakula. Kila siku hayo hayo. Sijachoka, maana sijui nachoka na nini.

Nikikaa tu mezani, wenzangu wanamaliza haraka na kutoka. Benitha, yule msichana wa mapokezi, anafungua dirisha na kusema kuna joto, na vumbi lote la Julai linaingia. Wengine wanakumbuka ghafla kuna lori la kukagua. Mwanzoni nilishangaa, sasa nimeelewa. Wananiachia nafasi. Kwao ni heshima kutomkodolea macho mjane akiwa anakula. Wamelelewa vizuri watu hawa.

Wiki iliyopita mkubwa wetu, Umurerwa, aliyetoka Kigali mwaka huu, alibandika karatasi ukutani. Imeandikwa kwamba chakula chenye harufu kali, na chakula kinacholiwa kwa makelele, kisiletwe katika chumba hiki, na kwamba tuheshimiane. Nilimhurumia Harelimana. Yeye anakaa meza ya pili kutoka kwangu kazini, mtu mzima, mpole, lakini akipata mfupa wa mbuzi anauvunja kwa meno kama anapasua kuni, halafu ananyonya ndani mpaka mfupa unapiga filimbi. Nilimfuata kwenye korido nikamwambia asihuzunike, karatasi ni karatasi tu. Aliangalia bakuli langu mkononi. Kisha akasema, "Hapana, Maman, ni kweli. Ni miye njo niko na makelele. Nitakulaka inje."

Tangu hapo anakula kwenye ngazi za nyuma, na bakuli lake juu ya magoti. Nadhani imemuuma.

Nimebaki peke yangu na meza nzima. Si vibaya.

Dative


Kamembe, 12 Julai 2024

Kwa Maman Nzigire, soko la Kadutu.

Amani ya Bwana iwe nawe na nyumba yako. Mimi naitwa Harelimana, ninafanya kazi pamoja na wifi yako. Nilikulia Uvira, nikarudi huku na wazazi, kwa hiyo utanisamehe Kiswahili changu cha pwani ya Ziwa Tanganyika. Barua hii nimempa Osée mkononi na nimemwomba asimwonyeshe mtu.

Kwanza tunakupa pole tena kwa ajili ya kaka yako. Alitutengenezea kabati la mafaili ofisini, na milango yake inafungika mpaka leo.

Ninalotaka kusema ni gumu, na nimelizunguka siku nyingi. Unajua desturi. Huwezi kumwambia mtu mzima neno juu ya chakula anachotia mdomoni, na mjane ndiyo kabisa. Neno kama hilo linapitia kwa jamaa wa mtu, na jamaa yake ni wewe.

Ni makayabu, Maman. Mimi nayapenda, mama yangu alikuwa akiyapika. Lakini yakishapashwa moto kwenye ile mashine, ofisi nzima inajua, na wateja wanaosubiri dirishani wanajua, na jioni nguo zetu zinajua. Karatasi iliyobandikwa ukutani ilibandikwa kwa ajili ya wifi yako, na yeye anafikiri ni kwa ajili yangu. Nilimwachia afikiri hivyo. Sasa mkubwa wetu anataka kumwita na kumpa onyo la maandishi. Nimemwomba aniachie wiki mbili.

Tafadhali msaidie, kwa namna utakayoona. Hatumchukii. Tunatoka mezani kwa sababu tunashindwa kukaa na tunashindwa kusema.

Wako kwa heshima,
Harelimana


Bukavu, 15 Julai 2024

Papa Harelimana,

Umenifanya nicheke na umenifanya nilie, yote kabla ya kufungua meza yangu. Asante kwa kuja kwa jamaa. Hivyo ndivyo mtu aliyelelewa anavyofanya.

Nitakwambia kitu na kibaki kwako. Wifi yangu hasikii harufu. Pua yake imekufa tangu matanga. Yeye hajui kwamba anawaua huko. Anafikiri mnatoka kwa heshima ya ujane, aliniandikia hivyo, na aliwasifu. Sasa unataka nimwambie nini? Kwamba kila siku alipokaa mezani ninyi mlikuwa mnamkimbia? Huyo mtu anasimama kwa uzi mmoja. Nikimwambia, atajifungia ndani na kazini harudi tena.

Basi nimefikiri hivi. Nitabadili samaki. Nitachukua tilapia wa ziwa, nitampasua, nitamtia chumvi kidogo, nitamkausha juani siku moja. Akipikwa na nyanya hana harufu ya kumfukuza mtu. Nitamtuma kwa jina la makayabu. Yeye hasikii harufu wala ladha, atajuaje?

Wewe rudi mezani na mifupa yako. Mwambie mkubwa wenu jambo limekwisha.

Nzigire


Kamembe, 29 Julai 2024

Dada Nzigire,

Wenzangu wamerudi mezani. Mmoja mmoja. Benitha hafungui dirisha tena. Hata Harelimana ameingia kutoka kwenye ngazi, ingawa mfupa anautafuna taratibu kama mtu anayekula kanisani. Nadhani muda wa kumwachia mjane nafasi umekwisha kwa hesabu yao. Sikujua kama nilifurahi. Niliwasogezea chumvi.

Makayabu ya siku hizi ni laini, yanavunjika sufuriani, na yana mifupa midogo ambayo siikumbuki. Je, ni yaleyale?

Dative


Bukavu, 1 Agosti 2024

Mdogo wangu,

Makayabu ni makayabu. Mzigo umebadilika, siku hizi yanatoka upande mwingine, si mimi ninayeyavua baharini. Kula, uongeze mwili, makaburini ulikuwa kama fimbo iliyovishwa kitambaa.

Mguu unaniwasha ndani ya plasta, najikuna na sindano ya kufumia.

Nzigire


Kamembe, 26 Agosti 2024

Dada Nzigire,

Leo nitakuambia kwa nini niliomba makayabu. Haikuwa hamu.

Niliyaomba yawe kipimo changu. Limau linaweza kuwa baya, kahawa inaweza kuwa ya zamani, lakini makayabu yako hakuna pua hai inayoyakosa. Nilijiwekea sheria: siku nitakayoyasikia, jioni yake nitafungua shati. Kwa hiyo kila mchana nafungua bakuli likiwa la moto, nainamisha uso juu ya mvuke, nangoja. Kisha nakula. Wenzangu wanadhani nasali.

Wiki mbili zilizopita mvua ya kwanza ilianguka uani, kidogo tu, ikapiga vumbi. Nilikuwa nimesimama mlangoni na ufunguo mkononi, nikadhani nimesikia kitu. Udongo. Nilikaa pale mpaka nikachelewa kazini. Mchana nikafungua bakuli, nikainama, hakuna kitu. Siku nyingine nikadhani ni moshi wa makaa ya jirani. Mchana nikainama, hakuna. Juzi kanisani nikadhani ni mafuta ya nywele ya mama aliyekaa mbele yangu, na moyo ulinienda mbio, Dada, kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tano. Nikatamani Jumatatu ifike. Leo ndiyo Jumatatu. Nimeinama juu ya makayabu mpaka miwani ikapata ukungu. Hakuna hata kidogo.

Basi nimeelewa kwamba najidanganya. Mtu anayetaka sana kitu anakisikia. Makayabu hayana sababu ya kunidanganya.

Na shati limeanza kuharibika. Nimeliangalia kupitia nailoni, kuna madoa meusi ya ukungu kwenye kola, yanaongezeka. Likikaa hivyo mpaka Krismasi litakuwa tambara. Kama siwezi kumpata humo, afadhali livaliwe na mtu. Jumamosi asubuhi nitalifua na kulipiga pasi, nimpe Osée. Mabega yao yalilingana.

Nakuambia kwa sababu ni kaka yako. Sina huzuni. Nimechoka kungoja tu.

Dative


Bukavu, Alhamisi, 29 Agosti 2024

Dative,

Usilifue.

Nimekupigia simu tangu jana jioni, hupokei. Namba ya ofisi yenu sina, ya Harelimana sina. Nampa Osée barua hii jioni hii, na kesho asubuhi ataiweka mkononi mwako. Usilifue shati.

Samaki si makayabu. Tangu katikati ya Julai nakutumia tilapia wa ziwa, niliyemkausha mimi mwenyewe juu ya bati langu. Hana harufu ya maana. Hata mimi nikimnusa sipati kitu. Ukiinama juu yake mpaka mwaka mwingine hutasikia chochote, hata ungekuwa na pua ya mbwa.

Ofisini kwenu makayabu yaliwashinda. Walikuwa wakitoka mezani kwa ajili ya harufu, na karatasi ya ukutani ilikuwa yako. Harelimana aliniandikia kwa heshima nikuambie. Mimi niliona aibu kwa niaba yako, nikaona nibadili samaki kimya kimya, nawe usijue. Nilijua pua yako imelala. Sikujua kwamba unapima. Ungeniambia, nisingegusa. Na mimi ningekuambia, usingepotea hivi. Tumefichana kwa upendo, tukafanya ujinga.

Udongo ulikuwa kweli. Moshi ulikuwa kweli. Yale mafuta ya nywele ya yule mama yalikuwa kweli. Pua yako imerudi, mdogo wangu, imerudi kidogo kidogo, na mimi nilikuwa nimekaa hapa nauza samaki.

Kata mfuko usiku huu. Weka uso humo. Nisalimie kaka yangu.

Nzigire


Kamembe, Jumanne, 3 Septemba 2024

Dada Nzigire,

Barua yako ya Alhamisi imenifikia leo. Osée alishikwa na malaria usiku ule ule, akalala mpaka jana, na barua ikalala kikapuni chini ya gazeti. Ameomba msamaha mara nyingi, bado anatetemeka. Nimempa uji.

Shati nililifua Jumamosi.

Niliamka mapema, nikachota maji, nikakata mfuko kwa kisu. Sikulitia usoni. Nilikuwa nimejiambia kwamba hamna kitu, na sikutaka kuhakikisha. Nililitumbukiza moja kwa moja kwenye beseni. Maji yalikuwa ya kahawia, vumbi la mbao likaelea juu, nikayamwaga kwenye mfereji. Nikasugua kola kwa sabuni ya kipande, nikabadili maji, nikasugua tena. Nilifanya kazi nzuri, madoa yote yametoka.

Nilipokuwa nalikamua mara ya mwisho, nikasikia sabuni.

Mwanzoni sikujua ni nini. Nikanusa mkono wangu, sabuni. Nikanusa mkono wa pili. Nikachukua shati lenye maji nikaliweka usoni, kwenye kola, kwenye makwapa, ndani ya mfuko wa kifuani alimokuwa akiweka penseli. Sabuni tu. Nikaenda kwenye mfereji, maji yalikuwa yameshapita. Nikarudi, nikalianika.

Jana mchana niliinama juu ya bakuli, nikasikia nyanya. Nikasikia kitunguu. Samaki sikusikia, nikakaa nashangaa ni pua gani inayochagua. Leo barua yako imenieleza.

Niliisoma mezani, wakiwa wote wapo. Kisha nikamuuliza Harelimana mbele yao kama ni kweli kwamba makayabu yangu yalikuwa yakinuka. Chumba kizima kiliangalia sahani. Unajua jinsi swali kama hilo lilivyo mwiko hapa. Aliweka mfupa chini, akafuta vidole, akasema, "Ilikuwa inanuka, Maman. Sana. Tulishindwa kukuambia."

Nikamshukuru. Nikawaeleza habari ya pua na habari ya shati, kwa maneno machache, kama mtu anayesoma uzito wa lori. Benitha alilia. Umurerwa alisimama kwenda kubandua ile karatasi, nikamwambia aiache, ni karatasi ya haki, harufu ilikuwepo.

Nimekaa hapa nikingoja kukukasirikia, na hasira haiji. Ningependa ije. Ungeniambia Julai kwamba nanuka, ningeona aibu wiki moja. Hilo tu ndilo ninalokuambia.

Shati limo kikapuni, limepigwa pasi, ni la Osée.

Lile koti la kahawia, ulilifua?

Dative


Bukavu, 5 Septemba 2024

Mdogo wangu,

Sijalifua. Tangu siku tulipogawa nguo halijaona maji.

Lakini nimelivaa sokoni kila siku ya Mungu, nimeliegemeza juu ya magunia, nimefutia mikono. Nimeliweka usoni leo asubuhi kabla ya kukuandikia. Mimi sisikii kitu chochote humo, si kaka yangu, si samaki. Nimekaa katikati ya makayabu miaka ishirini na pua yangu haiyasikii tena, wala kilicho chini yake. Labda yumo. Labda nimemfunika. Siwezi kujua.

Nakutumia. Nimelikunja ndani nje, ili upande uliogusa mwili wake usiguse kikapu. Wewe una pua mpya, jaribu.

Sitaomba msamaha kwa barua. Plasta ikitoka nitavuka kwa miguu yangu.

Nzigire


Kamembe, 9 Septemba 2024

Dada Nzigire,

Osée amefika na koti leo saa ya chakula. Alipaswa kuniachia kwa mlinzi, lakini alikuwa amevaa lile shati la buluu, nadhani alitaka nilione, akaingia mpaka chumba cha nyuma. Linamkaa vizuri. Akaweka furushi mezani kati ya mabakuli yetu na kuondoka.

Niliinuka ili nitoke nalo nje. Furushi lilikuwa bado limefungwa na tayari watu walikuwa wamelisikia, niliona kwenye pua zao. Nilikuwa nimefika mlangoni Harelimana aliposema, "Kaa, Maman. Fungulia hapa." Nikatazama wengine. Umurerwa akasogeza kiti changu.

Basi nikafungua hapo.

Ni makayabu, Dada. Yalinipiga usoni mpaka nikafumba macho. Yale ya kwanza, ya chini kabisa ya gunia, niliyoyangoja miezi yote hii. Nikanusa kola, makayabu. Nikanusa mikono, makayabu. Nikageuza mfuko wa kushoto, na kwenye mshono kulikuwa na vumbi la mbao, likabaki kwenye kucha zangu. Nikalinusa hilo nalo, polepole. Makayabu.

Hayumo. Nimemtafuta vizuri, hayumo.

Nilikuwa na tonge mdomoni, sikumbuki nililitia saa ngapi. Kilio kilikuja nikiwa nalo. Hakikuwa kilio cha adabu, kilikuwa cha Kadutu, cha kuita majirani, na kiliendelea. Ile karatasi ya harufu na makelele iko ukutani juu ya kiti changu. Nililia chini yake na koti likiwa limefunguka mezani katikati ya vyakula vyao.

Nilipoweza kuona tena, Benitha alikuwa hajafungua dirisha. Harelimana alikuwa amechukua mfupa wake na kuuvunja, kwa sauti, kama zamani. Wengine walikuwa wanakula. Hakuna aliyetoka.

Nipigie Jumapili. Nitapokea.

Wifi yako,
Dative